Nani aliwafundisha watoto wa São Tomé kuteleza mawimbini?

Ubao wenyewe ni mfupi, hauna mkia wala kamba ya kufunga mguuni. Ni kipande cha mti kilichochongwa kwa mkono, mtoto anakibeba kwapani huku akikimbia mchangani. Anaingia nacho majini, anapita povu la kwanza, anapita la pili, kisha anageuka na kusubiri. Wimbi linapoanza kuinuka nyuma yake anapiga miguu mara tatu nne, anaulalia ubao kwa tumbo, na bahari inamrudisha pwani kwa kasi ambayo miguu yake isingeweza. Waliozoea husimama.

Watoto wa São Tomé na Príncipe wanauita ubao huo tambua. Msomaji wa Kiswahili atasita kidogo hapo, na ana haki. Lakini neno lao halihusiani na letu. Limetokana na *tábua* ya Kireno, yaani ubao, likapita kwenye ndimi za visiwani mpaka likaingia sauti ya m.

Mwaka 2000 mwandishi Mmarekani Sam George, aliyekuwa akiandika habari za mchezo huu, alifika São Tomé na wenzake wachache wenye mbao za kisasa. Walidhani watakuwa watu wa kwanza kuteleza juu ya mawimbi ya nchi hiyo. Wakakuta vijana wa vijijini wanateleza tayari, juu ya miti waliyoichonga wenyewe. Tangu hapo swali limebaki: nani aliwafundisha?

Naliona swali hilo kuwa mlango mzuri wa kuingilia nchi hii. Matangazo ya utalii huipanga São Tomé kama duka: hapa fukwe, pale magofu ya mashamba ya kakao, kule mchezo wa kuigiza wa ajabu wenye barakoa. Kila kitu kina rafu yake, na mgeni anarudi nyumbani na picha nzuri bila kujua kwa nini vitu hivyo vimekutana mahali pamoja. Vina uzi unaoviunganisha, na uzi huo unapita baharini.

Tuanze na ubao. Watu wengi wakisikia kuteleza mawimbini huwaza Hawaii, na ni kweli Wahawaii waliufikisha mchezo huu mbali kuliko taifa lolote. Ila Wazungu wa kwanza kuandika habari za Hawaii walifika huko mwaka 1778, wakati ambapo Afrika Magharibi palikuwa na maandishi ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kwamba wazazi wa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, walikuwa wakiwafunga watoto kwenye mbao na kuwatupa majini. Yeye alidhani ni somo la kuogelea. Karibu miaka 200 baadaye, katika miaka ya 1830, msafiri Mwingereza James Alexander alipita Accra akaona wavulana wakiogelea kuingia baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo, wakisubiri wimbi kubwa na kurudi nalo. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameleta ubao kutoka Pasifiki.

Ukifikiri kidogo, haishangazi. Pwani ile ina bandari chache za asili. Mvuvi akitaka kwenda baharini na kurudi salama lazima aupitishe mtumbwi kwenye mawimbi yanayovunjika, kila siku ya maisha yake. Anayeijua kazi hiyo anajua wimbi linainukia wapi, linavunjikia wapi, na lini lipandwe ili likubebe badala ya kukupindua. Mtoto anayemtazama baba yake akifanya hivyo kwa mtumbwi atajaribu kwa ubao. Kwa hiyo iwe ufundi huu ulivuka na watu kutoka bara, au watoto wa visiwani waliuzua upya kwa kuwatazama wavuvi, chanzo naona ni kimoja: mtumbwi.

Sasa nchi yenyewe. São Tomé na Príncipe ni visiwa viwili vikuu katika Ghuba ya Guinea, magharibi ya Gabon. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 1,000, karibu sawa na Pemba. Barani Afrika ni Ushelisheli pekee iliyo ndogo zaidi. Visiwa hivi ni vilele vya volkano vilivyopangana kwenye mstari mmoja na Mlima Kameruni na kisiwa cha Bioko, na mlima mkubwa kuliko yote, Pico de São Tomé, una mita 2,024. Kwa sababu ni volkano, ardhi inaporomoka ghafla ndani ya bahari. Hakuna ukuta mrefu wa matumbawe kama ule unaozunguka pwani zetu.

Hilo ndilo linalotengeneza mawimbi yake. Dhoruba za kusini kabisa ya Atlantiki husukuma maji, na msukumo ule husafiri siku nyingi, maelfu ya kilomita, bila kisiwa cha kuuzuia. Ukifika São Tomé unakuwa umejipanga: mistari mirefu, yenye nafasi kati yake, ikizunguka rasi za mawe meusi na kuvunjika taratibu upande mmoja. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anajua bahari ya namna nyingine. Kwetu mawimbi mengi ni ya upepo, ya kusi na ya kaskazi, mafupi na yenye fujo. Mawimbi ya mbali kutoka kusini yanakutana na Madagaska kwanza, na yanayopona yanavunjikia kwenye mwamba nje huko, ndani yake maji yakabaki ya kusukumia mtumbwi kwa pondo. Kule msimu mzuri ni kati ya Juni na Septemba, miezi wanayoiita gravana: mvua hupungua, anga huwa na mawingu mepesi, na bahari ya kusini hutuma mawimbi yake makubwa.

Panda gari mjini São Tomé uelekee kusini, na barabara moja itakueleza karibu historia yote. Unapita Santana, kijiji cha wavuvi juu ya ghuba ndogo. Unapita Água Izé, shamba kubwa la zamani, na karibu yake Boca do Inferno, ambapo wimbi huingia kwenye mfereji wa mawe na kulipuka juu kama mzinga. Unapita ufukwe wa Sete Ondas, maana yake mawimbi saba, wanapojifunzia wageni wengi. Unafika São João dos Angolares. Kisha, kwenye msitu, unaiona Pico Cão Grande: nguzo ya jiwe iliyosimama peke yake, zaidi ya mita 300 kutoka chini yake hadi ncha. Ni moyo wa volkano uliogandia kwenye koo lake, mawe laini yaliyouzunguka yakaliwa na mvua. Barabara inaishia Porto Alegre, na ng'ambo kidogo kuna kisiwa cha Rolas, ambapo mstari wa ikweta unapita.

Katika vituo hivyo vyote, ninaposimama mimi ni kwa Waangolar, watu wa São João dos Angolares. Wareno walivifikia visiwa hivi karibu mwaka 1470 na hawakukuta mtu. Mwishoni mwa karne ya 15 wakaanza kuleta watumwa kutoka Benin, Kongo na Angola, na kwa muda katika karne ya 16 São Tomé ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa sukari duniani. Mfumo uliokuja kuitesa Amerika kwa karne tatu, shamba kubwa la miwa linaloendeshwa kwa watumwa, ulijaribiwa hapa. Watumwa wakatoroka kuingia milimani. Mwaka 1595 mmoja wao, Amador, aliongoza uasi uliotikisa kisiwa kizima. Aliuawa, lakini leo nchi inamkumbuka kila tarehe 4 Januari kama Mfalme Amador. Waangolar wa pwani ya kusini wanasimulia kwamba babu zao walikuwa kwenye meli ya watumwa iliyopasuka kwenye miamba ya Sete Pedras, wakaogelea hadi nchi kavu. Wanahistoria wengi wanaona wametokana na watoro. Kwa vyovyote vile, ni watu waliokaa nje ya shamba, wakaishi kwa bahari. Lugha yao imejaa maneno ya Kimbundu cha Angola, ndugu wa mbali wa Kiswahili, ambamo tano ni *tanu*.

Hapa ndipo ubao unapopata maana yake. Mtu wa shamba hakuwa na siku yake wala pwani yake. Anayeweza kumwacha mtoto acheze na wimbi mchana kutwa ni mvuvi, na mvuvi wa São Tomé kwa karne nyingi amekuwa mtu aliyekataa shamba. Tambua haikuzaliwa kwenye kakao.

Kakao nayo ina kisa kirefu. Ililetwa kutoka Brazili mwanzoni mwa karne ya 19, na mmoja wa waliofungua njia alikuwa João Maria de Sousa e Almeida, chotara mzaliwa wa Príncipe aliyepewa cheo cha Baroni wa Água Izé. Mashamba yalienea nchi nzima. Kila moja liliitwa *roça*, na roça haikuwa shamba kwa maana yetu ya kawaida. Ilikuwa mji: nyumba ya bwana mahali pa juu, safu za mabanda ya wafanyakazi, reli ndogo, vikausho vya kakao, kengele, kanisa, hospitali. Mwanzoni mwa karne ya 20 visiwa hivi vidogo vilikuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa kakao duniani.

Kisheria utumwa ulikwisha katika miaka ya 1870. Kilichofuata kiliitwa mkataba. Watu waliletwa kutoka Angola, Cabo Verde na Msumbiji kama vibarua, na wengi wa Angola hawakurudishwa kwao hata muda ulipokwisha. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson alifuata njia yao ndani ya Angola na kuandika alichokiona, na mwaka 1909 kampuni za chokoleti za Uingereza, Cadbury ikiwa mbele, zikaacha kununua kakao ya São Tomé. Watoto waliozaliwa mashambani na wazazi hao waliitwa *tonga*. Wajukuu wao bado wapo, na baadhi yao wanazungumza Kikrioli cha Cabo Verde nyumbani.

Wenyeji wa zamani, wanaoitwa Forro kwa neno la Kireno la cheti cha uhuru, hawakukubali kufanya kazi za mashamba hayo, kwa kuwa waliiona ni kurudi utumwani. Mwaka 1953 gavana Carlos Gorgulho alitaka vibarua kwa nguvu, uvumi ukaenea kwamba Forro watalazimishwa, na tarehe 3 Februari mauaji yakaanza Batepá. Mamia waliuawa, wengine waliteswa hadi kufa kwenye kambi ya Fernão Dias, ufukweni. Tarehe hiyo ni siku ya mapumziko ya taifa. Ukiwa mgeni huko, ukaona watu wanaelekea Fernão Dias, ujue wanakwenda kuwakumbuka ndugu zao.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Julai 1975. Miezi miwili baadaye roça zikataifishwa, na katika miaka ya 1990 ardhi ikaanza kugawiwa wakulima wadogo. Zile hospitali kubwa zenye ngazi pacha, zinazopendwa sana na wapiga picha, kwa mfano ya Água Izé, zina watu ndani. Wameweka mapazia mahali pa milango na wanaanika nguo kwenye veranda. Naomba jambo moja kwa kila anayekwenda: mle ni nyumbani kwa watu. Piga hodi. Jina la kitu kama hicho kwetu si gofu, hata kama paa limeingiwa na mti.

Roça nyingine zimepata maisha mapya. Monte Café, milimani, ina makumbusho ya kahawa. São João dos Angolares imegeuzwa nyumba ya wageni na jiko maarufu la mpishi João Carlos Silva, anayejulikana pia kwa kipindi chake cha televisheni. Na Roça Sundy, kisiwani Príncipe, ina sifa ambayo wengi hawaitarajii: tarehe 29 Mei 1919, Mwingereza Arthur Eddington alisimama pale kupiga picha za jua likipatwa. Asubuhi ilinyesha mvua, mawingu yakatanda, akapata picha chache zenye kufaa. Zikiunganishwa na zile za Sobral, Brazili, zilionyesha kwamba mwanga wa nyota unapinda ukipita karibu na jua, kama Einstein alivyotabiri.

Kama una siku moja tu ya utamaduni, nenda ukaitafute Tchiloli. Ni tamthilia inayochezwa uwanjani kwa saa nyingi, na asili yake ni mashairi ya Baltasar Dias, mshairi kipofu wa Madeira wa karne ya 16. Kisa ni hiki: mtoto wa mfalme Karoli Mkuu amemuua rafiki yake porini kwa kumtamani mkewe. Ndugu wa marehemu wanadai haki. Je, mfalme atamhukumu mwanawe?

Uwanja una pande mbili: huku jumba la mfalme, kule jamaa wa marehemu waliovaa nguo za msiba. Katikati, muda wote wa mchezo, limewekwa jeneza dogo, na kila anayezungumza anazungumza mbele yake. Waigizaji wote ni wanaume, hata malkia. Nyuso zimefunikwa kwa barakoa za wavu wa waya zilizopakwa rangi nyeupe, makoti yameshonwa vioo na riboni, na utamwona waziri akipiga simu. Ngoma na filimbi za mianzi zinawabeba kwa mwendo wa dansi hata wanapobishana. Wakuu wanasema kwa beti za Kireno cha kale. Mawakili wakiingia, lugha inakuwa ya mahakama ya leo. Nafasi hurithiwa katika familia, mtu akaishika miaka na miaka.

Wageni huiita masalia ya Ulaya ya kale. Mimi siioni hivyo. Watu walioletwa kwa minyororo, kisha wakatawaliwa na magavana wasiohojiwa, wamechagua katika fasihi nzima ya Kireno hadithi moja: ile ambamo mkubwa kuliko wote analazimika kumfikisha mwanawe mbele ya sheria. Na mwisho wake mtoto wa mfalme anahukumiwa kifo. Príncipe nao wana mchezo wao, Auto de Floripes, wa vita vya Wakristo na Wamori, yaani Waislamu, unaochezwa kila Agosti katika mitaa ya Santo António mji mzima ukiwa jukwaa.

Chakula hakitakupa tabu. Calulu ni mchuzi wa samaki wa kukaushwa kwa moshi, bamia, nyanya, majani ya aina nyingi na mawese. Mtu wa Kigoma au wa Kongo ataunusa kutoka mlangoni na kujua yuko salama. Unapikwa kwa saa kadhaa na kuliwa na wali au na angu, ndizi zilizochemshwa na kupondwa. Mashelisheli yanachomwa kando ya barabara, mafenesi yameanguka kila mahali.

Utasikia pia *leve-leve*, na utashawishika kuitafsiri polepole. Inakaribia, lakini haitoshi. Mtu akiulizwa hali na kujibu leve-leve anasema anakwenda kidogo kidogo, mzigo haujamwelemea, kama sisi tunavyosema tunasukuma siku. Vitabu vya safari vimeigeuza kuwa sifa ya watu wasio na haraka. Mwanamke anayeuza samaki, *palaiê*, aliyeamka kabla ya alfajiri kuisubiri mitumbwi, naye hujibu leve-leve.

Kuhusu mazingira, Príncipe ilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya baiolojia mwaka 2012, na mwaka 2025 kisiwa cha São Tomé kikafuata. Kasa wanapanda fukwe kutaga, hasa kuanzia Novemba hadi Februari. Praia Jalé, kusini kabisa, ni mahali pazuri pa kuwaona usiku ukiwa na mlinzi wa kijiji. Ukionyeshwa bangili ya ng'amba, usinunue.

Fedha yao ni dobra, imefungwa na yuro: dobra 24.5 kwa yuro moja. Ndege nyingi hutoka Lisbon au Luanda, na kwa anayetoka Afrika Mashariki njia ya Luanda ni fupi kuliko ya Lisbon. Lugha ya kazi ni Kireno.

Nirudi Santana, maana ubao una upande mwingine. Tambua ilikuwa ya wavulana. Si kwamba wasichana waliogopa maji. Hawakuwa na muda. Kuteka maji, kufua mtoni, kulea wadogo, kumsaidia mama na beseni la samaki, siku inakwisha. Mwaka 2020 ulianza hapo mpango wa kuwafundisha wasichana kuteleza mawimbini, na kuketi nao pamoja kuzungumza yanayowasibu. Unaitwa SOMA, herufi za jina refu la Kireno, na kwa Kireno neno hilo ni jumla. Masomo huanzia majini pwani ileile ambako kaka zao walijifunza bila mwalimu, na wengine sasa wanawafundisha wadogo zao.

Ukifika Santana jioni na Kireno chako hakitoshi, nyoosha kidole kwenye ubao ulio kwapani mwa mtoto, useme tambua. Atakuonyesha njia ya kushukia ufukweni.